SDLP ya Ireland Kaskazini: chama kilichoandaa meza ya amani, kisha kikakosa kiti

Mkulima wa Karatasi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila Ireland Kaskazini ikitajwa humu, majina ni yaleyale: IRA, kundi la silaha lililopigania Ireland moja; Sinn Féin, chama cha kisiasa cha upande huohuo; na Ian Paisley, mchungaji na mwanasiasa wa Kiprotestanti. Kuna chama kimoja hakitajwi, na bila hicho makubaliano ya amani ya 1998 yasingekuwa na sura yaliyo nayo. Kinaitwa SDLP, yaani Chama cha Demokrasia ya Kijamii na cha Wafanyakazi. Ni cha mrengo wa kati-kushoto na kinagombea Ireland Kaskazini peke yake. Nimekifuatilia miaka mingi na ninakiheshimu, siwafichi. Nitaandika kwa vipande, maswali karibuni hata kabla sijamaliza.

Nianze na mahali penyewe. Ireland iligawanywa 1921. Kaunti 6 za kaskazini zikabaki upande wa Uingereza na kupewa bunge lao, ambalo baadaye likahamia Stormont, pembezoni mwa Belfast. Waprotestanti ndio waliokuwa wengi, na wengi wao walitaka kubaki na Uingereza. Hao nitawaita Wanamuungano. Wakatoliki walikuwa kama theluthi moja, na wengi wao waliitamani Ireland moja. Hao nitawaita Wazalendo. Chama kimoja cha Wanamuungano kilishika serikali hiyo tangu siku ya kwanza hadi 1972. Hakikuwahi kuachia hata mara moja.

Ukitaka kuuona utawala ule kwa macho, tazama mji wa Derry. Wakazi wengi ni Wakatoliki, lakini halmashauri ilikuwa na madiwani 12 wa Wanamuungano na 8 wa Wazalendo. Mchezo ulikuwa kwenye mipaka ya kata. Wakatoliki walirundikwa kwenye kata moja kubwa, wakachukua viti vyote 8 vya kata hiyo kwa kura zilizofurika bure. Kata mbili zilizobaki zikachorwa ili Wanamuungano wapenye. Halafu kura ya udiwani haikuwa ya kila mtu mzima. Ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji anayetambulika, pamoja na mwenzi wake. Kijana wa miaka 25 anayeishi kwa wazazi hakuwa na kura, wakati mwenye kampuni aliweza kuwa na kura hadi 6. Sasa mtaelewa kwa nini nyumba za halmashauri ziligombaniwa vile: aliyepewa funguo alipewa na kura.

Humo ndimo alimozaliwa John Hume, mwaka 1937, mkubwa kati ya watoto saba. Baba yake, Sam, alikaa miaka mingi bila kazi. Hume alikuwa akisimulia kwamba utotoni walisimama kwenye mkutano wa Wazalendo mtaani kwao, bendera zinapepea na watu wamepandwa na hisia. Baba akamwekea mkono begani, akamwambia asijiingize kwenye mambo hayo, kwa sababu bendera hailiwi. Ukiijua hadithi hiyo umekijua chama kabla hakijaundwa.

Naendelea jioni.

---

Kisiki cha Mvule

Mkuu, nimeweka kambi. Huyu Hume ndiye aliyepata Nobel? Alikuwa mwanasheria?

---

Mkulima wa Karatasi

Ndiye huyo, ila hakuwa mwanasheria. Alikuwa mwalimu. Alisomea upadri kwenye seminari ya Maynooth akaacha, akarudi Derry kufundisha Kifaransa na historia. Kuna wakati aliendesha biashara ya kukausha samaki aina ya samoni kwa moshi.

Kazi yake ya kwanza ya umma haikuwa ya kisiasa hata kidogo. Mwaka 1960 yeye na wenzake wachache walianzisha chama cha kuweka na kukopa pale Derry, kama SACCOS zetu, kwa mtaji usiofika pauni 10. Mtu wa kipato cha chini alikuwa hakopesheki benki. Alikopa kwa watu wa mtaani kwa riba ya kumkausha, au aliweka koti rehani Jumatatu na kulikomboa Ijumaa. Kile chama kikakua hadi kikawa na maelfu ya wanachama, na Hume bado hajafika miaka 30 akawa rais wa shirikisho la vyama hivyo kwa Ireland nzima. Hata baada ya Nobel aliendelea kusema kwamba katika yote aliyofanya, hilo ndilo analojivunia kuliko mengine. Mimi namwamini. Watu waliokuwa wakingoja serikali iliyowatenga iwahurumie waliona kwamba wanaweza kuunganisha senti zao wakajisaidia wenyewe.

Mwaka 1964 akaandika makala mbili gazetini Dublin, mji mkuu wa Ireland ya kusini iliyo huru, akawachapa viongozi wa kale wa Wazalendo. Alisema wamekaa miaka 40 wakipinga na kususia, na hawana sera ya nyumba wala ya ajira. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza chuo kikuu kipya, na badala ya kukiweka Derry, mji wa pili kwa ukubwa, ikakipeleka mji mdogo wa Coleraine. Hume akaongoza msururu mrefu wa magari kutoka Derry hadi Stormont. Meya wa Derry, Mwanamuungano, alikuwamo kwenye msururu ule. Chuo hawakukipata, lakini Waprotestanti na Wakatoliki wa mji mmoja walikuwa wameandamana pamoja kwa jambo la mkate.

---

Dada Rehani

Hapo kwenye koti la rehani nimesimama kidogo. Endelea, mleta mada, tuko pamoja.

---

Mkulima wa Karatasi

Asante dada. Sasa tunafika kwenye kuzaliwa.

Mwaka 1968 harakati za haki za raia zikashika kasi. Mwezi Juni, mbunge kijana Austin Currie alijifungia ndani ya nyumba ya halmashauri huko Caledon, kaunti ya Tyrone, kwa sababu nyumba hiyo alikuwa amepewa binti wa miaka 19 asiye na mume wala mtoto, huku familia za Kikatoliki zenye watoto zikikosa. Tarehe 5 Oktoba maandamano yakapigwa virungu Derry. Gerry Fitt, mbunge wa Belfast, alipasuliwa kichwa na polisi, damu ikitiririka hadi kwenye shati, na kamera ya televisheni ya Ireland ipo pale. Usiku ule Uingereza ikajionea mambo ambayo haikuwahi kuyaona sebuleni kwake.

Uchaguzi wa Februari 1969 Hume akamwangusha kiongozi wa chama cha kale cha Wazalendo, Eddie McAteer, kwenye jimbo lake. Ndani ya Stormont kukawa na wabunge wa upinzani kila mmoja na njia yake. Tarehe 21 Agosti 1970 sita kati yao, pamoja na seneta mmoja, wakatangaza chama kimoja. Wabunge walikuwa Fitt, Hume, Currie, Paddy Devlin, Paddy O'Hanlon na Ivan Cooper. Seneta ni Paddy Wilson. Cooper alikuwa Mprotestanti. Fitt akawa kiongozi kwa kuwa alikuwa pia mbunge wa Westminster, yaani bunge la Uingereza kule London.

Jina lenyewe lilikuwa mapatano. Fitt na Devlin, watu wa Belfast, watu wa bandari na vyama vya wafanyakazi, walitaka neno la wafanyakazi liwemo. Hume na wenzake wa magharibi waliitazama zaidi demokrasia ya kijamii ya Ulaya. Wakayaweka yote mawili. Msimamo mkuu ulikuwa huu: Ireland moja ndiyo, ila kwa ridhaa ya watu wengi wa kaskazini na bila risasi. Leo sentensi hiyo inasomeka kama jambo la kawaida. Mwaka 1970 mtu aliyeisema alitukanwa pande zote mbili.

---

Ndege Mnana

Samahani mkuu, mimi nina shaka na hilo la "kushoto". Chama ambacho wapiga kura wake karibu wote ni wa dhehebu moja, kinakuwaje cha wafanyakazi? Mfanyakazi wa Kiprotestanti wa uwanja wa meli alikuwa na chake nini humo?

---

Mkulima wa Karatasi

Swali zito, na ndilo lililokigawa chama chenyewe.

Kwa sera, kushoto kulikuwepo kweli: nyumba za umma, ajira, hifadhi ya jamii, vyama vya wafanyakazi. Kilijiunga na jumuiya ya vyama vya kisoshalisti duniani, na pale Westminster wabunge wake wamekuwa ndugu wa Labour miaka yote. Lakini kila mwaka wa vita ulikisukuma kuwa sauti ya Wakatoliki kwanza, ya wafanyakazi baadaye. Paddy Devlin alilipinga hilo hadharani, akafukuzwa 1977. Fitt naye akajiuzulu 1979, akisema chama kimeacha ujamaa na kukumbatia uzalendo. Mimi naona Devlin alikuwa na hoja ambayo haikujibiwa hadi leo. Ila nawauliza wenzangu: watu wanachukuliwa usiku na kufungwa bila mashtaka, wewe mbunge wao utawahutubia kodi ya mapato?

Nasema hivyo kwa sababu ya mambo haya. Julai 1971 jeshi liliwaua kwa risasi vijana wawili Derry. SDLP ikadai uchunguzi huru, ikanyimwa, ikatoka bungeni. Agosti ukaanza ukamataji wa watu bila kufikishwa mahakamani, karibu wote Wakatoliki. Chama kikaitisha mgomo wa kutolipa kodi za nyumba za halmashauri. Januari 1972 Hume aliongoza maandamano ufukweni Magilligan, akasimama mbele ya askari wenye silaha akibishana na ofisa wao mchangani. Alivyoona jinsi askari wale walivyowatendea watu, hakuyataka maandamano yaliyopangwa Derry wiki iliyofuata. Yalifanyika bila yeye, Ivan Cooper akiwa mmoja wa waandaaji. Ni ile Jumapili ya tarehe 30 Januari: watu 13 wakauawa siku hiyo, wa 14 akafa baadaye. Miezi miwili baadaye London ikaisimamisha Stormont.

---

Mzee wa Kilinge

Nami niliwahi kusoma kwamba walishawahi kuunda serikali ya pamoja mapema, kabla ya hii ya 1998. Ni kweli?

---

Mkulima wa Karatasi

Kweli mzee wangu, na hapo ndipo panaponiuma kuliko pengine popote.

Juni 1973 ulifanyika uchaguzi wa bunge jipya la viti 78, kwa mfumo wa kupanga wagombea: unaandika 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. SDLP ikapata viti 19, ikawa sauti ya Wazalendo bila mpinzani. Siku mbili kabla ya kura, seneta Paddy Wilson, yule mwanzilishi, aliuawa kwa visu pamoja na mwanamke aliyekuwa naye. Waliofanya hivyo ni wanamgambo wa upande wa Wanamuungano. Chama kilienda kwenye uchaguzi kikiwa na msiba.

Desemba wakakutana Sunningdale, Uingereza: serikali mbili za London na Dublin, Wanamuungano wa Brian Faulkner, SDLP, na chama cha katikati cha Alliance. Wakakubaliana kugawana madaraka na kuunda baraza la pamoja na Dublin. Tarehe 1 Januari 1974 serikali ikaanza kazi. Faulkner mkuu, Fitt naibu wake, Hume biashara, Devlin afya na ustawi wa jamii, Currie nyumba. Fikirini huyo Currie: aliyejifungia kwenye nyumba ya Caledon, aliyehimiza watu wasilipe kodi, sasa ndiye waziri anayetakiwa kukusanya malimbikizo kutoka kwa wapiga kura wake mwenyewe. Alikubali ile fedheha kwa sababu aliamini serikali ile inastahili kuishi.

Iliishi miezi mitano. Mei 1974 wafanyakazi wa Kiprotestanti wakagoma, wakisaidiwa na wanamgambo waliofunga barabara. Silaha yao kubwa ilikuwa mitambo ya umeme ya Ballylumford. Umeme ukawa wa saa chache kwa siku, petroli ikawa kwa vibali vya wagomaji, na jeshi la Uingereza likasita. Hume, waziri wa biashara, alikuwa na mpango wa serikali kushika usambazaji wa mafuta. Ulipoanza kutekelezwa muda ulikuwa umeshapita. Tarehe 28 Mei Faulkner akajiuzulu na kila kitu kikaanguka.

Angalia Sunningdale, kisha angalia makubaliano ya 1998. Kugawana madaraka yamo, baraza la kaskazini na kusini limo, ridhaa ya wengi imo. Seamus Mallon, naibu wa Hume kwa miaka mingi, aliyaita ya 1998 "Sunningdale ya wanafunzi wazito". Kati ya somo la kwanza na la pili ilipita miaka 24 na maelfu ya makaburi.

---

Dada Rehani

Miaka 24. Na chama kilifanya nini muda wote huo, kilikaa kimya?

---

Mkulima wa Karatasi

Hakikukaa kimya, dada, ila kilikaa bila bunge la kwenda. Chama kisicho na bunge wala bunduki hufa haraka, na hiki kilikaribia. Fitt yalimkuta mazito. Mwaka 1976 kundi la wafuasi wa IRA lilivunja mlango wa nyumba yake Belfast usiku. Akasimama juu ya ngazi na bastola yake ya kibali, mkewe yupo chumbani, akawazuia wasipande. Mwaka 1983 alinyang'anywa ubunge na Gerry Adams wa Sinn Féin, na nyumba ikachomwa.

Hume alichukua uongozi 1979, na mwaka huohuo akaingia Bunge la Ulaya. Akatambua kwamba ndani ya kaunti 6 mlango umefungwa, kwa hiyo akazunguka nje. Washington tayari alikuwa amewapata wanasiasa wanne wenye asili ya Ireland: Ted Kennedy, Tip O'Neill, Daniel Moynihan na Hugh Carey. Mwaka 1977 hao walitoa tamko la pamoja wakiwataka Wamarekani waache kuchangia fedha za bunduki. Dublin akawakusanya vyama vya Wazalendo vya kusini na kaskazini kwenye kongamano la 1983 na 1984. Matunda yake ni mkataba wa Novemba 1985, kati ya mawaziri wakuu Margaret Thatcher wa Uingereza na Garret FitzGerald wa Ireland, ambapo kwa mara ya kwanza London iliipa Dublin nafasi rasmi ya kusema kuhusu kaskazini.

Kote huko alibeba wazo moja tu, na alilirudia hadi waandishi wa habari wakalikariri. Tatizo lina mahusiano matatu: kati ya jamii mbili za kaskazini, kati ya kaskazini na kusini, kati ya Ireland na Uingereza. Ukitibu moja ukaacha mawili, umepaka rangi juu ya ufa. Fungueni makubaliano ya 1998 mtaona yamegawanywa sehemu tatu, hizohizo.

---

Kisiki cha Mvule

Mkuu, nipinge kidogo. Amani ililetwa na waliokuwa na silaha kukubali kuziweka chini. SDLP haikuwa na risasi ya kusitisha. Tusiwanyime Sinn Féin haki yao.

---

Mkulima wa Karatasi

Sikupingi, mkuu. Sinn Féin na IRA walifanya uamuzi mgumu na wanastahili kutajwa. Ninachouliza ni nani aliwaendea mlangoni wakati wote wengine wakiona ni haramu.

Mwaka 1988 SDLP na Sinn Féin walikutana mara kadhaa, wakabishana kwa maandishi: je, Uingereza iko pale kwa masilahi yake, au ipo kwa sababu Wanamuungano karibu milioni moja hawataki iondoke? Hume alishikilia la pili. Alimwambia Adams kwamba kinachogawanyika ni watu kuliko ardhi, na watu hawaunganishwi kwa mabomu. Hawakuafikiana, lakini yeye na Adams hawakuacha kuonana, na Aprili 1993 ikajulikana. Magazeti ya Dublin yalimsulubu. Ndani ya chama chake kulikuwa na hasira pia, Mallon akiwa mmoja wa walioona hatari: unampa mshindani wako nguo safi, kesho atakuja nazo kwenye kura.

Oktoba 1993 bomu la IRA liliua watu Shankill, Belfast. Wiki moja baadaye wanamgambo wa upande wa pili wakamimina risasi kwenye baa huko Greysteel, karibu na Derry. Hume alikwenda mazishini Greysteel. Binti wa mmoja wa marehemu akamfuata, akamwambia kwamba familia ilikaa kuzunguka jeneza usiku na kumwombea yeye afanikiwe. Hume akainama akalia mbele ya kamera, mabega yanatikisika. Siku chache baadaye alilazwa hospitali kwa uchovu.

Desemba mwaka huo London na Dublin zikatoa tamko la pamoja lenye lugha ya Hume ndani. Tarehe 31 Agosti 1994 IRA ikasitisha mapigano. Tarehe 10 Aprili 1998 makubaliano yakafikiwa. Mei 22 wananchi wakapiga kura, kaskazini asilimia 71 wakasema ndiyo. Juni, kwenye uchaguzi wa bunge jipya, SDLP ikaongoza vyama vyote kwa kura za chaguo la kwanza, asilimia 22, ikiwa na viti 24. Mallon akawa naibu waziri mkuu wa Ireland Kaskazini pamoja na waziri mkuu David Trimble, kiongozi wa Wanamuungano. Oktoba, Nobel ikaenda kwa Hume na Trimble. Fungu lake Hume aliligawa kwa mashirika ya kusaidia maskini, moja la Kikatoliki na moja la Kiprotestanti.

---

Ndege Mnana

Halafu? Maana kichwa cha uzi kinasema kilikosa kiti.

---

Mkulima wa Karatasi

Halafu kikaanza kushuka. Uchaguzi wa Westminster wa 2001 Sinn Féin ikakipita kwa tofauti ndogo. Hume akastaafu uongozi, Mark Durkan akashika. Bunge la kaskazini: viti 18 mwaka 2003, 16 mwaka 2007, 14 mwaka 2011, 12 mwaka 2016, 8 mwaka 2022. Kwa viti 8 hakikupata hata wizara moja. Mwaka huo wa 2022 Sinn Féin ilipata 27, na Februari 2024 Michelle O'Neill wa chama hicho akaapishwa kuwa waziri mkuu wa Ireland Kaskazini.

Sababu? Mimi nazipima hivi. Kwanza, kilichokitofautisha na Sinn Féin kilikuwa bunduki. Bunduki ilipozikwa, Sinn Féin ikahamia kwenye uwanja uleule ikiwa na matawi mitaani na vijana wa kugonga milango. SDLP ilimtegemea mtu mmoja aliyekuwa safarini daima, tawi halikujengwa. Pili, nusu ya pili ya mchakato, London ilishughulika na walio na silaha ili wasirudi vitani. Mallon alisimulia kwamba Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alimwambia waziwazi kuwa shida yao wao SDLP ni kwamba hawana bunduki. Tatu, na hili husahaulika, mapatano ya St Andrews ya 2006 yalibadili namna ya kumpata waziri mkuu. Kiti kikaenda kwa chama kikubwa kuliko vyote. Tangu hapo kila uchaguzi ni vitisho: usipompa kura mkubwa wa upande wetu, mkubwa wa upande wao atachukua. Chama cha katikati hakina pa kusimama hapo.

Hata hivyo mwaka 2001 ndicho kilichotangulia kuwaambia Wakatoliki waingie polisi mpya na kikakaa kwenye bodi yake. Sinn Féin ilisubiri hadi 2007. Kijana wa Kikatoliki aliyejiunga miaka ile ya mwanzo aliificha sare yake hata kwa majirani, na viongozi wa SDLP walitishiwa kwa kumtetea. Hakuna kura waliyoipata kwa hilo.

Kimebaki hai. Mwaka 2017 kilipoteza viti vyote vitatu vya Westminster, Foyle, jimbo la Hume, kikakosa kwa kura 169 tu. Mwaka 2019 Colum Eastwood akalirudisha kwa tofauti ya kura 17,110, na Claire Hanna akachukua Belfast Kusini. Hanna ndiye kiongozi tangu Oktoba 2024. Huko Stormont, Matthew O'Toole anaongoza upinzani rasmi.

---

Mzee wa Kilinge

Swali langu la mwisho, mwanangu. Huyo Hume alijua kwamba anakizika chama chake?

---

Mkulima wa Karatasi

Alijua, mzee. Wenzake walimwonya usoni, na hoja yao ilikuwa wazi kama hesabu ya kujumlisha. Jibu lake wakati wote lilikuwa kwamba kama mazungumzo yale yanaweza kuokoa hata uhai wa mtu mmoja, chama si kitu mbele ya hilo. Mallon alikubaliana naye kwa lengo, ila hakuacha kusikitika, na mimi siwezi kumlaumu Mallon. Yeye aliishi Markethill, kijiji cha Waprotestanti wengi, na miaka yote ya mauaji alikuwa akienda kwenye mazishi ya pande zote mbili: ya polisi aliyeuawa na IRA leo, ya kijana aliyeuawa na polisi kesho. Kuna milango aliyofukuzwa. Mwezi uliofuata alikwenda tena.

Wote wawili walifariki 2020, Mallon Januari, Hume Agosti 3. Hume alikuwa ameishi miaka mingi na ugonjwa wa kusahau. Watu wa Derry walipomkuta njiani walimshika mkono na kumsindikiza nyumbani. Ilikuwa wakati wa korona, kwa hiyo familia iliomba watu wasijipange barabarani, badala yake kila mtu awashe mshumaa mlangoni kwake. Usiku wa kuamkia mazishi, mitaa ile ya Derry iliyokuwa ikiwaka kwa mabomu ya petroli ilikuwa na mishumaa kwenye vizingiti, nyumba baada ya nyumba.